Mbegu Ipi Tuikatae?



Siku hizi neno GMO limefika hata huku kwetu Kitaya. Limefika kwa redio, kwa simu za mkononi, na kwa mazungumzo ya watu wanaosubiri zamu kwenye mashine ya kusaga. Utasikia mtu anasema kuwa mahindi yenye punje kubwa ni GMO. Mwingine atasema kuku wa kisasa ni GMO. Wa tatu atasema kuwa hata mihogo mipya inayotoka kituo cha utafiti cha Naliendele ni GMO, na kwamba mwenye kuila hatapata mtoto.

Maneno ya huyo wa tatu ndiyo yaliyonifanya niandike. Mtu akikataa biskuti ya dukani hapati hasara. Pengine atabaki na shilingi zake mfukoni. Lakini mtu akikataa vipande vizima vya muhogo kwa sababu ya uvumi, akapanda vile vyenye ugonjwa, mwakani atachimba mizizi iliyooza ndani. Watoto watalala njaa. Na yule aliyeeneza uvumi hatakuja kuwaletea debe la unga.

Mimi naona hivi. Kila mtu ana haki ya kuchagua chakula cha nyumba yake. Asiyetaka GMO asilazimishwe, wala asichekwe. Lakini lazima ajue anachokikataa. Asipojua, atakikataa kilicho chema, na kile alichotaka kukiepuka atakinunua mwenyewe dukani, kwa kuwa kimo ndani ya pakiti ya kupendeza.

Mbegu hubadilishwaje?

GMO ni herufi tatu za Kiingereza. Kwa Kiswahili tunasema kiumbe kilichobadilishwa vinasaba. Kazi yenyewe wataalamu huiita uhandisi jeni.

Vinasaba ni nini? Ndani ya kila mbegu mna maagizo. Maagizo hayo ndiyo yanayoifanya punje ya mtama iote mtama, isiote mpunga. Ndiyo yanayofanya muhogo mmoja uwe mtamu na mwingine uwe mchungu. Wewe unayejua kusoma unaweza kuyafikiria kama maandishi marefu sana. Kila kinasaba ni kama sentensi moja katika maandishi hayo.

Binadamu amekuwa akiyabadili maandishi hayo tangu zamani, bila kujua. Bibi yako alipovuna mahindi alichagua magunzi mazuri, akayatundika darini juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse. Mwaka uliofuata alipanda hayo. Alikuwa anachagua maagizo anayoyapenda. Baadaye wataalamu walianza kuchukua chavua ya mmea mmoja na kuitia kwenye ua la mmea mwingine wa jamii moja, ili kupata mtoto mwenye sifa za wazazi wote wawili. Mbegu ya namna hiyo ya mahindi tunaiita chotara. Chotara si GMO. Ukiirudia kuipanda mwaka wa pili mavuno hupungua, nalo hilo huwafanya watu waishuku, lakini ndiyo tabia ya chotara.

Uhandisi jeni ni kazi nyingine. Hapo mtaalamu huchukua sentensi moja kutoka kwa kiumbe fulani, akaiingiza ndani ya maandishi ya kiumbe kingine. Viumbe hivyo si lazima viwe ndugu. Kwa mfano, kuna bakteria anayeishi udongoni ambaye hutengeneza sumu ya kuua viwavi. Kinasaba chake kimeingizwa katika mahindi na pamba. Kiwavi akitafuna mmea huo, anakufa. Kuna mimea mingine iliyopewa kinasaba cha kuvumilia dawa ya kuua magugu. Mkulima akinyunyiza dawa shamba zima, magugu hufa na zao hubaki.

Kazi hii si ya zamani sana. Marekani ndiko zao la kwanza la namna hii lilikouzwa kwa walaji, mwaka 1994. Lilikuwa nyanya. Kuanzia mwaka 1996 mahindi, soya na pamba za aina hiyo zikaanza kulimwa kwa wingi. Leo sehemu kubwa sana ya mahindi na soya ya Marekani ni GMO. Afrika Kusini nako ni hivyo hivyo, na huko hata mahindi meupe ya ugali ni GMO.

Kwa hiyo wazee wanaokumbuka ule unga wa njano wa miaka ya 1970 na 1980, ambao watu waliuita Yanga, wasiwe na shaka. Unga ule haukuwa GMO, kwa maana GMO ilikuwa bado haijaingia mashambani. Njano ni rangi ya aina ya mahindi tu.

Muhogo wa Namikonga

Katika mkoa wetu iko mbegu ya muhogo inayoitwa Namikonga. Wengi wanaiona mbegu ya kienyeji kabisa, ya mababu. Ni vizuri kuijua habari yake.

Miaka ya 1930 mihogo ya pwani ilikuwa inaharibiwa na magonjwa mawili. Moja ni batobato, linalokunja majani. La pili ni michirizi ya kahawia, linalooza mizizi chini wakati majani juu bado yanaonekana mazima. Kulikuwa na kituo cha utafiti huko Amani, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Wataalamu wa hapo walitafuta mmea wenye nguvu ya kupambana na magonjwa hayo. Mmoja waliouchagua ni mti wa mpira wa aina iliyolimwa katika mashamba makubwa wakati wa Wajerumani. Mti huo ni ndugu wa muhogo. Walichanganya chavua, wakapata watoto. Watoto hao wakachanganywa tena na muhogo, mara nyingi, mpaka ukapatikana muhogo wa kuliwa wenye nguvu ya mpira ndani yake.

Mmoja wa wajukuu wa kazi hiyo huitwa Kaleso kule pwani ya Kenya. Katika miaka ya karibuni watafiti walipima vinasaba vya Kaleso na vya Namikonga. Walikuta kwamba ni muhogo ule ule. Mbegu ya Amani ilisafiri kwa mikono ya wakulima, kutoka shamba hadi shamba, ikapewa jina la kwetu, ikahesabiwa kuwa ni ya nyumbani.

Je, Namikonga ni GMO? Hapana. Imetokana na chavua na maua. Lakini inatufundisha tusidanganyike na neno "kienyeji". Watu wameila miaka mingi na kuzaa watoto bila shida. Na mbegu mpya zinazotolewa sasa kwa wakulima, kama vile Kiroba na nyinginezo zinazostahimili michirizi, nazo si GMO. Anayezikataa kwa sababu hiyo amekataa chakula.

Nchi yetu imesema nini?

Mpaka sasa hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kwa wakulima wa Tanzania. Kulikuwa na majaribio. Mwezi Oktoba 2016 mahindi ya GMO ya kuvumilia ukame yalipandwa katika shamba lililozungushiwa uzio huko Makutupora, Dodoma. Mwezi Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Mwezi Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo alirudia msimamo huo wa kuzuia majaribio ya GMO, akataka pia mbegu zinazotoka nje zikaguliwe kwa makini zaidi.

Majirani zetu wamekwenda njia zao. Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO kutoka nje mwezi Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, watu wakaenda mahakamani, na mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufani ya huko ikatoa amri ya kusimamisha jambo hilo kwa muda. Kenya hiyo hiyo iliidhinisha mwezi Juni 2021 muhogo wa GMO wenye kinga dhidi ya michirizi ya kahawia. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa muhogo wa GMO upo duniani, amesema kweli. Akikuambia kuwa ndio unaogawiwa Mtwara, amekosea.

Jirani yetu wa karibu zaidi ni Msumbiji. Mto Ruvuma ni mpaka wa serikali mbili, lakini kwa wavuvi, wachuuzi na wakwe ni njia. Huko majaribio ya mahindi ya GMO yalianza mwaka 2017, mbali sana kusini, mahali paitwapo Chókwè. Tena bidhaa za Afrika Kusini huingia Msumbiji. Hilo tutalirudia.

Basi, ina madhara?

Hapa ndipo watu wanapotaka jibu la neno moja. Nitakupa jibu ninaloliamini.

Shirika la Afya Duniani limesema kwamba vyakula vya GMO vilivyomo sasa katika biashara ya kimataifa vimepimwa usalama wake, na havielekei kumdhuru mlaji. Watu wengi mno wamevila kwa zaidi ya miaka 25. Habari ya kwamba vinazuia uzazi haina ushahidi. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Ufaransa uliosema kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe. Picha za panya hao zilitisha watu duniani kote. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha likauondoa, kwa kuwa idadi ya panya ilikuwa ndogo mno kuthibitisha jambo hilo. Picha bado zinazunguka kwenye simu. Habari ya kuondolewa kwa utafiti haizunguki.

Hata hivyo, mimi si katika wale wanaosema kuwa kila anayeikataa GMO ni mjinga. Zipo sababu mbili za maana.

Ya kwanza ni dawa ya magugu. Zao lililotengenezwa livumilie dawa, hunyunyiziwa dawa. Dawa inayotumika zaidi ni gilaifosati. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Wakaguzi wa Marekani na wa Ulaya hawakukubaliana nao. Ubishi huo unahusu dawa, na dawa hiyo inauzwa hata hapa Mtwara kwa mashamba ya kawaida. Mwenye kuogopa GMO huku akinyunyiza dawa hiyo bila viatu wala glavu, na mtoto yuko mgongoni, ameogopa cha mbali na kukikumbatia cha karibu.

Sababu ya pili ndiyo kubwa kwangu. Ni swali la nani mwenye mbegu. Mbegu nyingi za GMO zina hatimiliki. Huko Afrika Kusini na Marekani mkulima anayeinunua hukubali kutoihifadhi ili aipande tena. Kila mwaka anarudi dukani. Mkulima mkubwa mwenye trekta na mkopo wa benki anaweza kuhesabu na kukubali. Lakini wewe mwenye ekari mbili, ambaye benki yako ni chungu cha mbegu, ukipoteza desturi ya kuhifadhi mbegu umepoteza kitu ambacho hutakipata tena kwa urahisi. Burkina Faso walianza kulima pamba ya GMO mwaka 2008. Viwavi vilipungua kweli. Lakini nyuzi zikawa fupi, bei ikashuka, na kufikia mwaka 2016 nchi ikaanza kuiacha. Bahati yao ni kwamba mbegu ya zamani ilikuwa bado ipo.

Haki itendeke pia upande wa pili. Kule Hawaii mapapai yalikuwa yanakufa kwa ugonjwa wa virusi. Mwaka 1998 wakulima walipewa mbegu ya papai ya GMO yenye kinga, na kilimo chao kikaokoka. Kwa hiyo usiniambie kwamba kazi yote ya uhandisi jeni ni hila. Iulize kila mbegu maswali yake: imefanywa nini, ni ya nani, na mwakani nitaipata wapi?

Chungu cha Kitaya

Sasa tutazame chungu chako. Kuna ugali wa makopa au wa mahindi. Kuna wali wa mpunga wa bondeni. Kuna kisamvu, kunde, mbaazi, njugu mawe. Kuna nazi, ufuta na karanga. Kuna samaki wa mtoni na wa baharini. Katika vyote hivi vilivyolimwa hapa, hakuna GMO. Ufuta, karanga, nazi, alizeti na mawese ya GMO hayauzwi popote duniani. Kuku wa kisasa si GMO. Ametokana na kuchagua majogoo na mitetea kwa miaka mingi, pamoja na chakula kingi. Papai refu la dukani, embe la kubebeshwa na tikiti lisilo na mbegu havitakuonyesha GMO kwa sura.

Hilo ulishike vizuri. GMO haionekani kwa jicho. Haina harufu wala ladha yake. Mahindi ya GMO na yasiyo GMO ukiyaweka kwenye ungo mmoja huwezi kuyatenganisha. Ni maabara tu inayoweza. Mtu anayekuambia "nimeiona, ni GMO" amekisia.

Basi itapitia wapi? Itapitia katika vitu vilivyotengenezwa viwandani nchi za nje. Vitu vya kuangalia ni vichache: mahindi, soya, pamba na kanola. Soya ndiyo inayojificha zaidi. Imo katika biskuti, chokoleti, soseji, nyama ya kopo, na unga fulani wa maziwa ya watoto. Mafuta ya kupikia yaliyotoka nje yanaweza kuwa ya soya au ya pamba. Hata hivyo mafuta yaliyosafishwa sana kiwandani karibu hayana vinasaba vilivyobaki.

Hapa kusoma kwako kunapata kazi. Chukua pakiti. Usisome jina kubwa la mbele, maana hilo ni la kuuza. Igeuze nyuma. Tafuta maandishi madogo. Kwanza soma nchi ilikotengenezwa. Kama ni Tanzania na imetumia mazao ya Tanzania, si GMO. Kama imetoka Afrika Kusini au Marekani na ndani mna soya au mahindi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni GMO. Kisha tafuta maneno yenyewe. Kwa Kiingereza huandikwa "genetically modified", au herufi GMO. Bidhaa zilizovuka kutoka Msumbiji huwa na Kireno, na neno la kutafuta ni "transgénico" au "geneticamente modificado". Ukiona "non-GMO" maana yake ni kwamba haimo.

Jihadhari na neno moja linalowapoteza hata waliosoma sana. Kwenye pakiti nyingi utaona "modified starch". Hiyo ni wanga iliyotiwa dawa au moto ili iwe nzito au isigande vibaya. Neno hilo peke yake halimaanishi GMO.

Usichanganye pia GMO na virutubishi. Chumvi yenye madini joto si GMO. Unga wa kiwandani ulioongezwa madini ya chuma na vitamini si GMO. Mwaka 2024 palitokea ubishi mkubwa nchini kuhusu mchele wenye virutubishi uliotoka Marekani kwa ajili ya shule za Dodoma. Waliouliza kwa nini virutubishi visiongezwe kwenye mchele wetu wenyewe waliuliza swali zuri. Lakini kuongeza vitamini ni kazi nyingine, na kubadili vinasaba ni nyingine.

Na unga wa lishe? Mama, ukinunua ule wa kiwandani, soma. Lakini unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa mtama, karanga na dagaa. Ni rahisi zaidi, na hutakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote kilichomo. Karanga zichambue moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye rangi mbaya itupe, wala usimpe kuku.

Nasema hivi kwa sababu. Katika chakula chetu zipo sumu ambazo hazina ubishi wowote. Ukungu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walikufa. Mahindi yale yalikuwa ya shambani kwao wenyewe. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Kinga yake ni kukausha upesi juu ya turubai au mkeka badala ya udongo mtupu, na kuchambua.

Muhogo mchungu nao una sumu yake. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Njaa iliwafanya wapunguze siku za kuandaa makopa. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na umewahi kutokea kusini mwa Tanzania pia. Haukutokana na GMO yoyote. Kama una haraka na huna uhakika na unga wako wa makopa, changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze mwembamba kwenye ungo, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka hewani. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

Punje ni chakula, tena ni mbegu

Liko jambo moja ambalo nchi jirani zilijifunza kwa njaa. Mwaka 2002 kusini mwa Afrika kulikuwa na ukame. Msaada wa mahindi ulikuja kutoka Marekani, na ndani yake mlikuwa na GMO. Zambia iliukataa kabisa. Watu wengi walishangaa, wengine wakakasirika. Msumbiji, Malawi na Zimbabwe zilikubali, lakini zilitaka mahindi yasagwe kwanza. Kwa nini yasagwe? Kwa sababu mwenye njaa akipewa gunia la punje, hali lote. Huweka kibaba kimoja ili apande mvua ikinyesha. Chavua ya mahindi husafiri kwa upepo. Shamba moja likipandwa, majirani wote watachanganyiwa bila kuulizwa.

Mimi naona nchi hizo tatu zilifanya busara. Zilimpa mwenye njaa chakula, na zikalinda mbegu zake.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kitaya kuliko wengi. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji chetu, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto. Habebi magunzi ya darini wala vipande vya muhogo. Anayerudi akakuta chungu cha mbegu kimevunjika atapanda chochote atakachopewa, na hakuna wa kumlaumu. Mafuriko ya mto nayo hufanya vivyo hivyo katika mashamba ya bondeni.

Kwa hiyo mbegu isikae katika nyumba moja tu. Mpe dada yako aliye Nanyamba au Mtwara mjini kibaba cha kunde na cha mahindi yako amtunzie, naye akupe zake. Panda muhogo mzuri katika mashamba mawili yasiyokaribiana. Punje za msaada zisage zote. Ukihitaji mbegu ya kupanda, mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata. Muulize jina la mbegu, ilikotoka, na kama unaweza kuirudia kuipanda. Mbegu ya pakiti itazame kama ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayokagua ubora wa mbegu. Pakiti isiyo na lebo, iliyovuka na mtumbwi, iache hata kama bei yake ni nusu.

Vipande vya muhogo vikague kabla mvua za mwezi Desemba hazijaanza. Tazama majani ya chini ya mmea unaotaka kukata. Kama yana madoa ya njano kando ya mishipa, au shina lina michirizi ya kahawia, usikate hapo. Chimba mzizi mmoja, upasue kwa kisu. Ukiwa mweupe mpaka katikati, kata vipande vyako katika mmea huo.